Hesabu ya Damu ya Mzee

Kijana akipatwa na mshtuko wa moyo, mara nyingi mwili wake hutangaza wenyewe. Kifua kinabana, jasho linamtiririka, maumivu yanashuka mkono wa kushoto, na hata jirani asiyejua lolote la udaktari anatambua kwamba hapa pana jambo. Mzee wa miaka themanini na kitu huenda asiwe na dalili hizo. Ameamka hana nguvu. Anahema akitoka jikoni kwenda uani. Chembe ya moyo inamsumbua, au ameanza kusema maneno yasiyopangika. Nyumbani wanasema ni malaria, ni presha, ni uzee. Ndiyo maana ufundi ninaotaka kuusifu hapa, ule wa kumtibu mzee ambaye mshipa wa moyo wake umezibwa na damu iliyoganda, huanza kabla dawa yoyote haijatoka kabatini. Huanza pale mhudumu anapoamua kumpima ECG, yaani umeme wa moyo, bibi aliyeletwa kwa sababu “amechoka tu”.

Uamuzi huo si mdogo. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia watu wazima waliofika idara ya dharura wakilalamikia kifua au pumzi. Waligundua kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa kuwa nao. Moshi ina hospitali ya kanda. Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wagonjwa wanapokewa katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Rubya, Ndolage, Kagondo na vituo vya afya vya tarafani, na mtambo wa kuzibua mishipa ya moyo kwa mrija uko mbali nao. Hapo akili na mkono wa mhudumu hubeba mzigo ambao kwingine hubebwa na mashine.

Tuanze na adui mwenyewe. Ndani ya mshipa wa moyo, utando wa mafuta uliojijenga kwa miaka mingi unapasuka. Mwili unadhani umejeruhiwa, na unafanya kile unachofanya panga linapokata kidole shambani: unatuma chembe sahani zikimbilie pale, zishikane, zizibe. Kwenye kidole hiyo ni rehema. Kwenye mshipa mwembamba unaolisha moyo ni msiba, kwa kuwa nyama ya moyo iliyo mbele ya kizuizi huanza kufa. Dawa zinazotumika hapa zinakuja kwa makundi. Aspirini na klopidogreli huzifanya chembe sahani zisishikane kwa urahisi. Heparini na jamaa zake, kama enoksaparini, huzuia protini za damu zisisuke nyuzi za kushikilia bonge. Streptokinesi na zinazofanana nayo huliyeyusha bonge lililokwisha kufanyika.

Aspirini ndiyo mkongwe wa ukoo huu. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza namna inavyofanya kazi mwilini, na mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel. Mwaka 1988 utafiti mkubwa uitwao ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini ya mwezi mmoja ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo. Streptokinesi ya saa moja nayo ilipunguza karibu robo, na zote mbili kwa pamoja zilipunguza kwa asilimia 42. Utafiti ule haukuweka kikomo cha umri, wazee waliingia, na walinufaika. Lakini baada ya hapo, kwa miaka mingi, majaribio mengi ya dawa za moyo yalifunga mlango kwa waliovuka miaka 75. Matokeo yake, dozi zilizoandikwa vitabuni zilipimwa kwa miili ya watu wa makamo, kisha zikapelekwa kwa wazee kana kwamba mzee ni kijana mwenye mvi.

Mzee ana mwili wa namna nyingine. Figo zake zinachuja polepole, kwa hiyo dawa inayotokea huko inakaa muda mrefu. Amepungua uzito. Mishipa ya ubongo imekakamaa na ni rahisi kuvuja. Ngozi ya ndani ya tumbo ni nyembamba, na huenda ana kidonda cha siku nyingi. Dawa ileile inayouokoa moyo inaweza kumtoa damu tumboni au kichwani. Na kibaya zaidi, yale yale yanayomweka katika hatari ya damu kuganda ndiyo yanayomweka katika hatari ya kuvuja damu. Huwezi kukimbia upande mmoja bila kukutana na wa pili.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone mafundi wanavyofanya. Bibi ametoka Nshamba, Muleba. ECG imeonyesha moyo wenye shida ingawa mshipa haujaziba kabisa, na kipimo cha damu cha troponini kimethibitisha kuwa ni mshtuko wa moyo. Daktari anahitaji namba tatu: umri, uzito na kreatinini, taka ya mwilini inayochujwa na figo.

Umri peke yake ni kazi. Wazee wengi wa vijijini wana kitambulisho chenye tarehe ya kukisiwa. Daktari anayejua kazi yake haishii kwenye kitambulisho. Anauliza kwa heshima, mara nyingi kwa Kihaya au kupitia mjukuu: Waitu, Uhuru ulipopatikana ulikuwa umeshaolewa? Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, ulikuwa na watoto wangapi, na wa kwanza alikuwa darasa la ngapi? Kwa maswali mawili matatu ya namna hiyo bibi anapata umri unaoaminika: miaka 81.

Kisha mizani. Bibi hawezi kusimama, na katika hali yake hatakiwi kujitahidi. Muuguzi anaweka kiti juu ya mizani, anamketisha, anasoma, anatoa uzito wa kiti. Kilo 43. Maabara inaleta kreatinini: 106 kwa kipimo cha maikromoli. Ukiitazama karatasi ile haraka, haikushtui, kwa kuwa kwa mwanamume mwenye misuli hiyo ni namba ya kawaida. Lakini kreatinini hutoka kwenye misuli, na bibi huyu misuli imemwisha. Daktari anachukua kalamu na kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976: 140 kutoa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa kreatinini, kisha zidisha kwa 1.04, kigezo cha mwanamke. Jibu ni mililita 25 kwa dakika. Figo ambazo kwenye karatasi zilionekana salama zinafanya kazi kama robo ya zile za kijana.

Namba hiyo inabadilisha kila kitu. Enoksaparini kwa mgonjwa mwenye figo nzuri ni miligramu 1 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Figo zikishuka chini ya 30, ni mara moja tu kwa siku. Bibi anapata sindano moja ya miligramu 40, basi, hadi kesho wakati kama huo. Sasa fikiria mhudumu mwenye haraka ambaye hakuitafuta mizani, akakisia kwa macho kwamba bibi ana kilo 52. Hesabu ileile inatoa 30 na pointi kidogo, kizingiti kinavukwa, na bibi anaandikiwa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni. Kosa la kilo 9 limezaa dozi ya siku iliyozidi mara mbili. Hakuna aliyezembea kwa nia mbaya. Ni kiti tu hakikuwekwa juu ya mizani.

Muuguzi naye ana ufundi wake, na ningependa tuutazame taratibu. Sindano ya enoksaparini huja imeshajazwa, na ndani yake mna kipovu cha hewa. Aliyefundishwa juujuu hukitoa, kama alivyozoea kwa sindano nyingine. Huyu hakitoi, maana kinasukuma tone la mwisho la dawa na dozi inaingia kamili. Anamlaza bibi chali, anachagua sehemu ya tumbo pembeni, mbali na kitovu, upande usiochomwa jana. Anashika mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, na kwa mzee aliyekonda mkunjo huo unatafutwa. Anaichoma sindano wima, anasukuma polepole, na mkunjo hauachii mpaka sindano imetoka. Kisha hasugui. Kusugua ndiko kunakoacha doa jeusi la damu chini ya ngozi. Na kwenye faili ameandika kwa herufi kubwa: ASICHOMWE SINDANO YA MSULI. Mgonjwa mwenye dawa hizi akichomwa diklofenaki kwenye kalio kwa ajili ya mgongo, anaweza kupata uvimbe wa damu ndani ya nyama.

Aspirini pia ina namna yake. Ile ya kwanza, miligramu 150 hadi 300, hutafunwa ili ifike kwenye damu mapema. Bibi hana meno. Muuguzi anaisaga kati ya vijiko viwili, anaongeza maji kidogo, anamnywesha.

Kidonge cha pili kinahitaji uchaguzi. Dawa mpya, prasugreli na tikagrelori, zina nguvu kuliko klopidogreli, na daktari kijana huvutiwa na nguvu. Lakini mwaka 2007, prasugreli ilipopimwa, wenye miaka 75 na zaidi hawakupata faida iliyozidi hatari ya kutoka damu, wala wenye uzito chini ya kilo 60. Waliowahi kupata kiharusi waliumia zaidi. Tikagrelori ilifanya vizuri mwaka 2009 kwa wagonjwa 18,624 wa umri mchanganyiko. Kisha mwaka 2020 Waholanzi wakatoa matokeo ya POPular AGE, utafiti uliowalenga wenye miaka 70 na kuendelea, 1,002 kwa idadi. Waliotumia klopidogreli walitoka damu kidogo kuliko wenye dawa yenye nguvu, na haikuonekana kwamba mioyo yao ililindwa pungufu. Dawa ya bei nafuu inayomezwa mara moja kwa siku ndiyo iliyomfaa mzee. Kwa Muleba hiyo ni habari njema kwa sababu mbili: inapatikana kirahisi zaidi, na ni rahisi kukumbuka.

Mshipa ukiwa umeziba kabisa na mgonjwa amewahi ndani ya saa 12, uamuzi ni mzito zaidi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge ikisababisha damu kichwani, imekwisha. Hapa fundi haendi mbio kabla ya kuuliza: amewahi kupata kiharusi, lini, cha namna gani? Alianguka juzi akagonga kichwa? Presha ikiwa 190 anaishusha kwanza. Kwa aliyevuka miaka 75 anayepewa dawa hiyo, klopidogreli inaanza na kidonge kimoja cha miligramu 75 bila dozi kubwa ya kuanzia, na enoksaparini, kama figo zinaruhusu, inashuka hadi robo tatu, bila ile ya kupitisha kwenye mshipa. Katika utafiti wa STREAM, uliochapishwa mwaka 2013, dozi ya tenekteplesi, dawa nyingine ya kuyeyusha bonge, ilikatwa nusu kwa wazee katikati ya safari, baada ya kuonekana kwamba ubongo wao haukustahimili dozi nzima.

Hadi hapa ni elimu ambayo daktari wa Uholanzi naye anaweza kuwa nayo. Ila Kagera ina maswali yake, na hapo ndipo ninapovua kofia.

Mzee akiwa ametoka Bumbire, Goziba au Ikuza, amevua samaki ziwani tangu utotoni, daktari hupapasa chini ya mbavu za kushoto kabla ya kuandika dawa. Anatafuta bandama. Kichocho cha matumbo cha miaka mingi hukomaza ini, presha ya damu inayokwenda kwenye ini inapanda, na mishipa ya chini ya koo la chakula inavimba kama mishipa ya miguu ya mjamzito. Ikipasuka, mtu hutapika damu beseni nzima hata bila dawa yoyote. Kumwongezea aspirini, klopidogreli na heparini kwa mpigo bila kuuliza anakotoka ni kucheza kamari. Kitabu cha Ulaya hakiitaji Bumbire. Anayeitaja ni daktari anayejua ramani ya wagonjwa wake.

Swali la pili ni malaria. Muleba imewahi kupata milipuko mikali ya malaria ya nyanda za juu, na malaria hushusha chembe sahani. Basi picha kamili ya damu husomwa kabla, na kipimo cha malaria hufanywa kama kuna homa. Hemoglobini ikiwa chini ya 11, hiyo peke yake ni alama kubwa ya hatari ya kuvuja damu.

La tatu ni ARV. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walitoka Kagera, mwaka 1983. Leo, kwa neema ya dawa, wapo watu wa mkoa huu waliozeeka wakiishi na virusi, jambo ambalo zamani halikufikirika. Dolutegraviri haigombani na dawa hizi za moyo. Lakini aliye kwenye mchanganyiko wenye ritonaviri ana tatizo: ritonaviri huidhoofisha klopidogreli, na huipandisha tikagrelori kupita kiasi. Mfamasia anayeomba kuona kadi ya kliniki ya mgonjwa ameokoa mtu bila yeyote kujua.

La nne ni lile ambalo wazee hawalitaji mpaka waulizwe mara ya pili: dawa ya magoti. Diklofenaki ya duka la dawa muhimu, kila jioni baada ya shamba. Ukiiweka pamoja na aspirini, tumbo linachimbika. Swali “unatumia dawa gani nyingine?” hujibiwa “hakuna”. Swali “magoti yakiuma usiku unameza nini?” huleta jibu. Kisha yaulizwe na mengine bila kukunja uso: rubisi, gongo, kuumikwa, chale. Mzee akiona hahukumiwi, husema. Tumbo lenye historia ya vidonda hupewa kinga, na anayejua huchagua pantoprazoli badala ya omeprazoli, kwa kuwa omeprazoli huizuia klopidogreli isiamke vizuri mwilini.

Mkulima wa Kihaya anajua jambo linalofanana na hili. Shina la mgomba katika kibanja chake huachiwa mama aliyebeba mkungu, binti anayekua na mjukuu anayechipua, na machipukizi mengine yanaondolewa. Akiacha yote, mikungu inakonda. Akiondoa yote, kibanja kimekufa. Sifa ya mkulima inaonekana kwenye alichoondoa, na pia kwenye alichokataa kuondoa.

Nasisitiza hilo la pili, kwa sababu ipo hekima ya uongo inayosema: ni mzee, tusimsumbue na madawa. Daktari mwoga humwandikia vitamini na kumrudisha nyumbani, kisha anajiita mwangalifu. Lakini mzee ana hatari kubwa ya kufa kwa mshtuko wa moyo kuliko kijana, kwa hiyo tiba inayofaa ina mengi ya kuokoa kwake. Kumnyima kwa sababu ya mwaka aliozaliwa ni kosa sawa na kumzidishia. Ufundi ninaousifu hauko katikati ya woga na ujasiri kana kwamba ni nusu ya kila kimoja. Uko kwenye kuhesabu: mgonjwa huyu, figo hizi, kilo hizi, kisiwa hiki.

Kuhusu rufaa, njia imefupika kiasi. Kutoka Bukoba kwenda Bugando, Mwanza, ipo ndege, ipo meli ya usiku, na ipo barabara inayopita Muleba na Geita, ambayo tangu Juni 2025 haisubiri tena kivuko Busisi, kwa kuwa daraja la kilomita 3 limefunguliwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Barua nzuri ya rufaa ina saa: aspirini ilitolewa saa ngapi, sindano ya mwisho saa ngapi, miligramu ngapi. Bila saa hizo, anayempokea Mwanza hurudia dozi kwa kutokujua, na hesabu yote iliyofanywa Muleba inapotea njiani.

Bibi akipona anarudi nyumbani, na nyumbani mara nyingi yeye ndiye mlezi. Shirika la Kwa Wazee lilianza kutoa pensheni ndogo ya kila mwezi huko Nshamba mwaka 2003 kwa sababu hiyo hasa: UKIMWI ulikuwa umechukua kizazi cha kati na mabibi wamebaki na wajukuu. Maelezo ya dawa basi hupewa wawili, bibi na mjukuu wa darasa la tano anayejua kusoma boksi. Muuguzi mzuri hatoi hotuba. Anasema: hiki kidogo na hiki cha waridi, baada ya chai. Ufizi ukitoka damu kidogo unapopiga mswaki, usitupe dawa, njoo uulize. Anasema hivyo akijua kwamba mkoa huu ulioona homa ya kutoka damu ya Marburg, Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, una haki ya kuogopa damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, njoo siku hiyohiyo, ila kama unameza vidonge vya kuongeza damu, sema, maana navyo hufanya choo kiwe cheusi. Ukijikata shambani, bana kwa kitambaa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Linabaki jambo moja, nalo kwangu ndilo linalomtofautisha fundi na mwandika dawa. Vidonge viwili kwa pamoja havimezwi milele. Kawaida ni mwaka mmoja. Kwa mzee mwenye figo dhaifu na damu pungufu, daktari anaweza kuamua miezi 6, 3, au hata chini yake, kisha kibaki kimoja. Muda huo ukiachwa bila kuandikwa, huamuliwa na mengine: hela ikiisha vyote vinaachwa wiki ya tatu, au mtoto mwenye kipato anaendelea kuvinunua vyote kwa miaka mpaka tumbo linavuja. Kwa hiyo mwenye mzee aliyetibiwa moyo aitazame kadi yake leo. Inatakiwa ionyeshe jina la kila dawa, uzito wa mgonjwa, na tarehe ambayo kidonge cha pili kitasimamishwa. Tarehe hiyo isipokuwepo, msikisimamishe wenyewe. Rudini kliniki, mkaiombe iandikwe.